Kifaru cha Udongo wa Kichuguu

Mafundi wanakandika ukuta wa jiko langu, na harufu ya udongo wa kichuguu uliolowa inaingia mpaka chumbani. Nimetoka zamu, miguu inawaka moto, nataka kulala tu. Harufu hii haitaki.

Kwa udongo huo watoto wenzangu walifinyanga ng'ombe. Mimi nilifinyanga kifaru cha vita, kwa sababu baba alikwenda vitani na hakuwahi kutusimulia. Nilipachika vifuniko vya soda kuwa magurudumu, matano kila upande, nikazungushia minyororo ya mpira wa baiskeli. Bua la mtama likawa mzinga. Kilinichukua siku tatu.

Baba akarudi kutoka shamba la pamba, yuko hoi.

"Shikamoo baba. Kimefanana?"

"Marahaba, mayu," alisema, akiniita mama kama kawaida yake. Alikizunguka mara mbili. "Bado."

Akachuchumaa, akaviringisha vipande vitatu vya udongo, virefu kama kidole. Akavifunika kwa kitambaa, juu hadi chini, akavilaza nyuma ya kifaru na kuvifunga kwa uzi.

"Hawa ni nani?"

"Wenzangu. Tulirudi nao hivi."

"Wamelala?"

"Walichoka, mayu."

Niliwaonea huruma kulala kwenye chuma kitupu. Nikafinyanga mito midogo mitatu, nikawawekea mmoja mmoja chini ya kichwa.

Baba alitazama mikono yangu mpaka nikamaliza.

"Hapo," alisema, "kimekizidi kile cha kweli."