Landrova Kwenye Saruji

Mtani hanuniwi. Nimeambiwa hivyo tangu nikiwa mdogo hapa Malangali, Ufipa. Msukuma akuibie kuku, akuvue kofia mbele ya wakwe zako, autukane ukoo mzima wa Wafipa mpaka jasho likutoke, wewe cheka, kisha mrudishie. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Sawa, nimesikia. Lakini aliyeitunga sheria hiyo hakuwa na kabati la vioo lenye magari ndani, na mimi nasema aliitunga vibaya.

Nakusanya vigari vya chuma. Si midoli, na atakayesema midoli mbele yangu tutaonana wabaya. Ni magari ya zamani yaliyotengenezwa madogo, ya chuma cha kumimina, mazito mkononi: Pijo 404 yenye keria juu, lori la pua ndefu, basi lenye ngazi nyuma ya kupandishia mizigo. Milango inafunguka, boneti inafunguka, injini unaiona. Nauza vitenge sokoni Katandala, na robota la mitumba likifunguliwa wenzangu wanakimbilia makoti, mimi nainamia fungu la vitu vya watoto. Wananicheka. "Mama mzima na vigari!" Nyoo! Wanaume wa mtaa huu wanatokwa mishipa ya shingo kwa mpira wa watu wasiowajua, hakuna anayewauliza kitu. Mimi nikipangusa Pijo kwa kitambaa, eti nina mapepo.

Kabati langu lina sharti moja: hakuna kugusa. Chembe ya rangi ikibanduka hairudi, na gari likipakwa rangi upya, kwetu sisi wakusanyaji limekwisha. Ndugu zangu wanajua. Hata padri akija kubariki nyumba anatazama mikono ikiwa mgongoni.

Aliyeruhusiwa kugusa ni baba peke yake, na gari lenyewe ni moja, Landrova 109.

Baba alikuwa dereva wa misheni. Alibeba masista, wagonjwa, magunia ya ulezi, maiti, kutoka hapa mjini hadi Msanzi na kuteremka mpaka ziwani, kwenye barabara ambazo masika ilibidi uzichimbe ndipo upite. Nilipoiokota ile Landrova kwenye robota, yenye tairi la spea juu ya boneti kama ile aliyoiendesha, sukari ilikuwa imeshampofusha. Nikamwekea mkononi. Akaipapasa kwa upole, mlango, kioo, bampa, mpaka kidole kikafika kwenye lile tairi. "Hawa waliijua gari," akasema. Tangu siku hiyo akawa anaiendesha juu ya blanketi, mapajani. "Hapa tope, tia gia ndogo. Hapa tumefika Msanzi, mpe yule mama lifti." Kidole gumba chake kilisugua paa mpaka rangi ikaisha na chuma kikatoka nje. Mkusanyaji mwingine angelililia lile paa. Mimi nilikuwa naliona ni la thamani kuliko kabati zima.

Sasa huyo mtani. Alikuwa mzee wa Kisukuma, alihamia na ng'ombe wake zamani akajenga ng'ambo ya shamba letu la mahindi. Yeye na baba walitukanana kila siku iendayo kwa Mungu. "Gari lako halizai, Mfipa." "Na wewe ng'ombe wanakuzidi akili, ndiyo maana wanatangulia wewe unafuata." Wanacheka mpaka wanakohoa.

Baba alipofariki, mtani alifika kabla hata ya ndugu wa Msanzi. Akaingia ndani, akavaa kofia ya baba na koti lake la kazi, akakalia kinu kilicholazwa uani, sinia mkononi ndiyo usukani. "Piii! Piii! Wafipa, pisheni! Mnalia katikati ya barabara, gari litapita wapi?" Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Nilicheka na mimi, sitasema uongo. Kisha nikaingia ndani kuchukua vikombe, nikakuta kabati liko wazi. Shangazi alikuwa amechukua ufunguo kutafuta sahani za wageni. Magari yote yapo, Landrova haipo.

Nikatoka mbio. "Mtani, naomba gari langu."

"Gari liko safarini," akasema, usukani haujamtoka mkononi. "Ukilitaka, njoo kwangu na ungo wa ulezi, tuzungumze."

Ndivyo inavyokwenda. Mtani anachukua kitu msibani, wewe unakwenda kukikomboa kwa kitu kidogo na matusi mengi, mnacheka, basi. Kila mtu anajua, na mimi najua. Lakini nikomboe kitu changu mwenyewe? Chenye kidole cha baba juu yake? Thubutu! Sikwenda. Nikawa nikipita kwake natupa shikamoo kavu, shingo imekakamaa, naye anaitikia "marahaba, mtoto wa dereva" na kunionyesha kwa mkono mlango wake ulio wazi. Mama akanigombeza: "Unamnunia mtani? Unatutia aibu." Kaka yangu akasema ni mdoli tu. Neno hilo hilo! Nilisusa chakula chake, nikalala na njaa yangu.

Mavuno yalipokwisha tukajengea kaburi, na mtani ndiye aliyeshika koleo la saruji tangu mwanzo hadi mwisho. Hakutaka kusaidiwa. Siku ya kubariki msalaba, padri akiwa tayari na maji ya baraka, likaondolewa turubai. Nilitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Chini ya msalaba, Landrova yangu, magurudumu yamezama kwenye saruji iliyokwisha kukauka ikawa jiwe. Na juu ya boneti, tairi la spea halipo. Limeng'olewa, kimebaki kitundu.

Watu wakapiga vigelegele. "Dereva kapewa gari lake!" Damu ikanichemka. "Mwizi!" nilipiga kelele. "Mwizi mkubwa wewe, na meno yako nje! Tairi liko wapi?"

Vigelegele vikakatika. Padri akatazama chini. Mtani akanitazama kama mtu anayesubiri utani uendelee, akaona hauendelei.

"Tairi ninalo," akasema polepole. "Wewe njoo tu."

Sikwenda. Masika ikaingia, mvua za Ufipa mnazijua, na kutu ikaanza kwenye bawaba za milango. Nikawa nakwenda makaburini na kichupa cha mafuta na unyoya wa kuku, naipaka, namlaani yule mzee kwa kila bawaba. Nilijiapiza kwamba atanirudishia tairi mwenyewe, kwa miguu yake, mlangoni kwangu. Nikasubiri.

Ubaridi ulipokaza akaugua kifua. Nikaambiwa amefariki.

Nilipofika uani kwake watu wote walinigeukia. Baba hayupo, kwa hiyo utani ule ni wangu; walikuwa wananingoja mimi nivae kofia, nikalie kinu, niwachekeshe. Mjane wake akanishika mkono akanipeleka ndani. Akaingiza vidole kwenye mfuko wa koti la marehemu lililotundikwa ukutani, akatoa kitambaa kilichokunjwa. Ndani yake, tairi.

"Alikuwa anatembea nalo," akasema. "Kila jioni ananiuliza, mtoto wa dereva hajaja? Nikimwambia hajaja anasema atakuja tu, yule ana mdomo wa baba yake, akija tutatukanana vizuri."

Nikahisi hasira inapanda kutoka miguuni. Alikuwa ananingoja! Mzee mzima, ng'ombe wanamsubiri zizini, anakaa na tairi mfukoni ananingoja nimtukane! Kwa nini hakusema? Nikatoka nje, ngumi nimeikaza juu ya tairi, nikakuta wanaume wameshanyanyua jeneza. Nikalishika.

"Simameni! Hapiti mtu! Amka, mwizi wewe! Amka tugombane! Umeninyang'anya baba, umeninyang'anya gari, sasa unakimbia na ugomvi wangu? Nitamnunia nani mimi? Amka, Msukuma, mnywa maziwa wewe, amka!"

Wakacheka. Wanawe walicheka mpaka jeneza likayumba, mjane akajifuta macho kwa kanga huku anacheka, na mtu mmoja akanitia mkononi fimbo ya ng'ombe ya marehemu, kama anavyopewa mtani aliyefanya kazi yake. Walisema hawajawahi kuona utani mtamu kama ule, kwamba dereva hakika ameacha mtoto. Mimi nilikuwa sitanii.