Farasi Hacheui

Nililelewa na ng'ombe. Kwetu Bomet, ng'ombe akilala jioni akicheua, taya zikisaga polepole, mwenye boma hupumua: mnyama ameshiba, hana hofu. Elimu hiyo ndiyo niliyokwenda nayo kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipoajiriwa kuwa saisi, mtunza farasi, kwa meneja wa shamba la chai karibu na Sotik. Harufu ya lile banda bado ninayo: nyasi kavu, ngozi ya tandiko, na upepo ukigeuka, majani ya chai yakikaushwa kiwandani.

Aliletwa farasi jike mweusi ambaye alikuwa hajazoea kupandwa na mtu. Meneja alimfundisha mwenyewe kila asubuhi, nami nilishika kamba. Akishavishwa hatamu, farasi alitafuna kile chuma cha mdomoni bila kupumzika, povu likidondoka.

"Vipi huyu?" meneja aliniuliza akiwa juu.

"Ametulia, bwana. Anacheua."

Basi akazidi kuvuta hatamu. Siku ya nne farasi alimtupa kwenye matope. Meneja aliinuka, akajipangusa, akasema bila kupaza sauti: kama hapandiki kufikia Jumamosi, atakwenda kwa mfanyabiashara wa Mulot aliyetaka mnyama wa kuvuta mkokoteni wa mahindi.

Mwenzangu bandani, mzee Mkikuyu wa Kipkelion aliyezeeka na farasi, alirudi kutoka likizo Jumatano. Alimtazama farasi akitafuna, kisha akanitazama mimi.

"Nani alikuambia farasi anacheua?"

"Si anatafuna, mzee?"

"Wewe mtu wa maziwa. Mkia unapiga na hakuna nzi. Masikio yamelala nyuma. Mnyama analia, wewe unasema ameshiba."

Alimfungua kinywa taratibu. Ulimi ulikuwa umechubuka pembeni. Chini ya tumbo, pale mkanda wa tandiko ulipokaza, manyoya yalikuwa yametoka na ngozi imekuwa kidonda. Tulimwosha kwa maji ya chumvi. Alitetemeka, lakini hakuturushia teke.

Kumwambia meneja kulikuwa juu yangu, maana neno lile lilitoka kinywani mwangu. Nilimkuta barazani nikamweleza yote. Alizungusha kikombe chake.

"Na mimi ndiye niliyekuwa juu yake," alisema mwishowe.

Jumamosi lori la Mulot lilikuja, likarudi tupu. Majuma kadhaa baadaye, vidonda vilipopona, meneja alimpanda kwa hatamu ya kamba, bila chuma, wakazunguka ukingo wa chai na kurudi kwa mwendo wa kutembea.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni Jumamosi yenyewe, baada ya lori kuondoka. Farasi alikuwa malishoni nyuma ya banda, kichwa chini, taya zikienda. Nilimwuliza mzee kama sasa naruhusiwa kusema ametulia.

"Angalia mkia kwanza," alisema.

Niliangalia. Ulikuwa umening'inia tu.