Ratili Nne Zaidi

Pale klabuni walimwita Fundi Nyuzi, na raketi ikipita mikononi mwake ilirudi kwa mwenyewe kama imetoka dukani. Chumba chake kilikuwa nyuma ya viwanja vya skwoshi, kati ya stoo ya taulo na bafu la wachezaji: meza moja, mashine ya kukazia nyuzi, mkasi, na dirisha dogo lililotazama uwanja wa kioo. Wiki ile mashindano ya dunia ya timu za wanawake yaliletwa hapo hapo klabuni, na kupitia dirisha lile alimwona mdogo wake akipigiwa makofi hata kabla ya kufunga kamba za viatu.

Tusimung'unye maneno: alimwonea gere mdogo wake. Wala si gere ya kupita, bali ya miaka kumi na saba, iliyolala naye na kuamka naye. Yeye ndiye aliyemfundisha yule mtoto kushika raketi. Ndiye aliyemwonyesha kugonga nyuzi kwa kiganja na kutega sikio, ajue zimekaza au zimelegea kabla hajapiga hata mpira mmoja. Kisha, siku ya kuchagua timu ya taifa, goti la dada mtu, yaani Fundi mwenyewe, likafyatuka katikati ya mchezo, na kocha akamwambia mdogo mtu, aliyekuja kubeba chupa ya maji tu, aingie ajaribu. Hakuwa na viatu. Wakamvua dada vyake, akavaa yeye, vikiwa bado na joto. Viatu vile havikurudi, na goti nalo halikurudi.

Ukutani sebuleni kwa mama yao palikuwa na picha tisa za mdogo mtu. Ya dada mtu ilikuwa moja, na humo ndani alikuwa amebeba begi la mdogo wake.

Asubuhi ya mechi mdogo mtu aliingia na raketi mbili, ananukia dawa ya kuchua misuli.

"Shikamoo, dada. Nyuzi zimechoka, naomba unisukie. Ishirini na nne zote mbili, kama kawaida."

"Marahaba. Kawaida yako naijua."

"Mama anakuja kutazama. Nimekutafutia kiti cha mbele ukae naye."

Amemtafutia! Yaani katika klabu aliyoizeekea, leo atafutiwe kiti na mgeni. Fundi aliitikia "haya" huku masikio yanamwaka moto.

Ishirini na nne zilikuwa ratili za mkazo. Mdogo mtu alipenda nyuzi zilizolegea kidogo, zinazousukuma mpira hadi nyuma ya uwanja bila kuumiza mkono. Raketi ya kwanza Fundi aliisuka sawasawa. Ya pili akaibana kwenye mashine, akaitazama namba, akazungusha kitufe hadi ishirini na nane. Kwenye kikaratasi cha mpini akaandika ishirini na nne, kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote. Huenda hata isiguswe, alijiambia, na hapo alikuwa anajidanganya mchana kweupe.

Timu zilikuwa zimeshinda mechi moja moja. Ya mdogo mtu ndiyo ya kuamua. Wakafika seti ya tano, nane kwa nane. Mama alikuwa amemshika Fundi mkono, amemkaza kweli kweli. Ndipo uzi wa raketi ya kwanza ukakatika.

Mdogo mtu alitoka uwanjani, akachomoa ya pili begini, akaigonga kwa kiganja. Akasita. Akaigonga tena, sikio limeinama. Kisha akainua macho moja kwa moja hadi kwenye viti vya mbele, na moyo wa Fundi ukapiga paa. Sikio lile alimpa nani kama si yeye?

Raketi za wenzake zilikuwa pale pale benchini. Lakini angeazima moja, kocha angeuliza kuna nini, na jibu lilikuwa moja tu. Mdogo mtu akarudi ndani na ile ile. Mipira yake ikawa inafia katikati ya uwanja, mpinzani anaiokota kama embe zilizodondoka. Kumi na moja kwa tisa.

"Mkono umemchoka, mwanangu masikini," mama alisema, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Fundi alikwenda chumbani kwake kungoja kufukuzwa. Kocha aliingia amefura, raketi ameishika juu, mdogo mtu nyuma yake.

"Fundi, hizi ni nyuzi au seng'enge?"

"Mimi ndiye niliyemwambia azikaze, kocha," mdogo mtu alidakia. "Nilitaka kujaribu. Nilaumu mimi."

Kocha alimtazama, akasonya, akaondoka. Wakabaki wawili.

"Kesho tuna mechi ya kujiokoa, dada," mdogo mtu alisema. Aliilaza raketi mezani. "Nisukie hii hii."

"Kuna fundi wa mashindano kule. Mpelekee yeye."

"Sina fundi mwingine." Akatoka, akaurudishia mlango taratibu.

Fundi alizikata nyuzi zote kwa mkasi. Alijua aibu itakuja, na kweli ikaja. Lakini gere nayo ilikuja nyuma yake, mbichi kuliko ya asubuhi. Jina alipewa yeye, viatu alipewa yeye, picha tisa ni zake. Na moyo wa kusamehe nao, kumbe, kapewa yeye.

Akafuta macho kwa kiwiko, akazungusha kitufe hadi ishirini na nne, akaisoma namba ile mara tatu kabla ya kuvuta uzi wa kwanza.