Harufu Iliyopotea Shambani kwa Khimi

Dile Ram aliteleza kwenye jabali akikata majani ya ng'ombe, akavunjika uti wa mgongo. Hakufa, ila maumivu hayakumwacha tena. Kitu pekee kilichomlaza kilikuwa charasi, utomvu wa bangi ya shamba la mkewe, Khimi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

Kijijini kwetu, huku juu Kullu, milimani India, kila nyumba ina bangi yake, na kila vuli tunafikicha maua mpaka utomvu unaganda viganjani. Lakini ya Khimi ilikuwa na harufu yake: embe lililoiva sana, na udongo baada ya mvua. Dile Ram akivuta kidogo, mabega yanalegea, anaanza kukoroma. Ya kwangu, yenye harufu ya pilipili manga, ilimfanya aongee tu.

Halafu shemeji yake Khimi, Jogi Ram, akapewa mbegu za kigeni na watalii. Akazipanda kwenye shamba lake, ngazi moja juu ya lile la Khimi, wala hakung'oa mimea dume. Upepo ukashuka na chavua. Msimu ule hatukugundua kitu. Khimi akaweka mbegu kama kawaida, akazipanda zote.

Msimu uliofuata nilimkuta amesimama katikati ya mimea yake, ananusa ua moja baada ya jingine.

"Njoo unuse," akaniambia. "Labda mimi ndiye mgonjwa."

Nikanusa. Ndimu. Ndimu, na nyuma yake kitu kama mafuta ya taa.

Alimfikichia mumewe hivyo hivyo, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Dile Ram alivuta mara mbili, akashika kifua. Moyo ulimwenda mbio, macho yakamtoka, akawa anauliza nani amesimama mlangoni, na mlangoni hapakuwa na mtu. Alitetemeka mchana kutwa, na kila akitetemeka mgongo unamkata.

Khimi akapanda kwa Jogi Ram. Nilifuatana naye, nikihofia watapigana.

"Shemeji, umeniharibia shamba."

"Mimi nimepanda kwangu," Jogi akasema. Kisha akainamisha kichwa. "Upepo nitaufungia wapi, shemeji? Niambie, niufunge."

Khimi akampita, akaingia shambani. Aling'oa kilichobaki cha Jogi, na Jogi akamsaidia kung'oa, lakini walikuwa wanang'oa kitu kilichokwisha kuzaa.

Binti wa Khimi na Dile Ram, Bimla, anayesomea kilimo mjini, alikuja likizo akamweleza mama yake taratibu. Harufu ile ni mafuta ndani ya ua, yanaitwa tapini. Yapo kwenye embe, kwenye ndimu, kwenye mwerezi. Huenda ndiyo yanayofanya charasi hii imtulize mtu na ile imshtue, ingawa wataalamu wenyewe bado wanabishana.

"Basi nichemshie hayo ya embe," Khimi akasema.

"Mama, si hivyo. Yanatoka kwenye ukoo wa mmea. Ukoo ukishachanganyika, huwezi kuuchambua kama mchele."

"Unajua jina lake, na huwezi kunirudishia?"

Bimla akalia. Mama yake akamfuta machozi, ndiyo ikawa mwisho wa somo.

Khimi alizunguka nyumba hadi nyumba akiuliza kama kuna aliyebakiza mbegu zake za zamani. Hakuna. Akapanda hadi malisho ya juu, akarudi na bangi mwitu yenye harufu ya majani makavu. Dile Ram aliivuta ili kumridhisha tu. Hospitali walimpa vidonge; akavitapika.

"Acha kupanda milima, mama Bimla," akamwambia. "Utaanguka na wewe, tubaki wawili wa kubebwa."

Wiki iliyopita nilitazama kutoka kibarazani kwangu. Khimi na mumewe walikuwa wamekaa roshani kwenye jua, na Dile Ram, baada ya siku kadhaa bila usingizi, alikuwa amelalia bega la mkewe. Jogi Ram akaja na kokwa za jozi kwenye kikapu, akafungua mdomo kusalimu. Khimi akamwinulia kidole, asimwamshe. Chini uani ng'ombe alikuwa amefika kwenye maharage yaliyoanikwa, anayala taratibu. Khimi alimwona. Aliangalia maharage yakiisha, asisogee, mpaka mumewe akaamka mwenyewe kwa maumivu.