Kilio cha mama mdogo ndani ya sampla



Leo nimenunua sampla iliyotumika kwa prodyuza mmoja wa Mjimwema. Ni ile mashine ya kurekodi sauti na kuzikatakata kutengeneza biti.

Nimefika nyumbani, nikachomeka waya za spika, nikabonyeza kitufe cha kwanza.

Mwanamke analia, na ngoma inapiga juu ya kilio chake.

Nikamtambua. Ni mama mdogo wangu, siku tulipomzika mwanawe kule Ruhuwiko. Huyu prodyuza ndiye aliyetufungia spika na maiki msibani.

Nikampigia.

"Kaka, hiki kilio umekitoa wapi?"

"Ah, hicho kikali. Klabu wanakicheza sana."

Yaani watu wanakikatikia viuno.

Nimekifuta, lakini yeye nakala anazo. Jamani, mama mdogo nimwambie?