Chukuchuku ya Bi Zuhura

Nakumbuka asubuhi moja nilipoinama kufagia chini ya kitanda cha baba yangu hospitalini, ufagio ukagonga chupa. Chupa tupu za soda zimejaa mle, utadhani duka limehamia wodini. Mimi ndiye niliyekuwa nikimuuguza, mwanangu, binti mbichi sijaolewa bado, na hapo ndipo nilipojua kwa nini sukari yake haishuki.

Baba alikuwa na kidonda mguuni. Daktari alishatuambia waziwazi: sukari isiposhuka, mguu utakatwa. Sasa mkulima wa mpunga bondeni, mtu wa kupanda dungu alfajiri kuamia ndege wasiumalize, kwa mguu mmoja atafanya nini? Niliogopa mno.

Na walioleta soda hizo hawakuwa maadui, walikuwa ndugu zetu. Si unawajua watu wa kwetu, mgonjwa haendewi mikono mitupu. Wanatoka kijijini kwetu Mahege, wanapita mgahawa wa pale hospitalini, wananunua kilicho mbele ya macho: soda baridi na maandazi. Baba naye anapokea, maana kukataa cha mgeni ni kumvunjia heshima. Samaki wangu wa kuchemsha bila nazi alimsukuma kando. "Chukuchuku ni chakula cha mtu asiye na mwenyewe," alisema. "Mimi nina watoto, nina minazi."

Basi nikaenda kumlilia Bi Zuhura, mwenye mgahawa, mama mnene mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukusema. Nikamsihi asiuze soda tena.

"Nikizizuia watazinunua barabarani," alisema. "Mtoto akililia wembe hupewa, lakini mgonjwa je? Niachie mimi."

Kesho yake kaunta imegeuka. Soda zimerudishwa nyuma, maandazi yamefunikwa. Mbele kabisa pana sufuria ya perege wa chukuchuku, kapikwa kwa ndimu, nyanya, tangawizi na pilipili kidogo, harufu inakufuata mpaka getini. Pembeni matembele, kunde na matango. Kila anayepita anaonjeshwa kijiko bure.

Akaja baba mdogo Seifu, mtu wa kelele huyo, Mungu amrehemu. "Bi mkubwa, nimetoka Mahege na jua hili, nikamwone kaka yangu na mchuzi usio na nazi? Nipe soda."

"Soda ipo, sikunyimi," Bi Zuhura alimjibu taratibu. "Ila kamwulize kwanza kaka yako anataka kuvaa kiatu kimoja au viwili."

Baba mdogo uso ukamshuka. Hakuwa na habari ya kukatwa mguu, kwa kuwa baba alinikataza kuitangaza. Akaonja kile kijiko, akaomba cha pili, kisha akanunua sahani mbili akaja kula na kaka yake kitandani. Na cha mgeni hakikataliwi. Dawa ya moto ni moto, mwanangu. Baba alinung'unika, akala, halafu akaniuliza kama kuna ndimu imebaki.

Tangu hapo kila ndugu aliyekuja alipita na sahani ya Bi Zuhura. Daktari hakuacha sindano zake, wala mimi sisemi perege ndiye tabibu. Lakini sukari ilishuka, kidonda kikaanza kukauka. Siku daktari aliposema mguu unabaki, nilikaa chini palepale wodini, nikalia huku nacheka, moyo mweupe. Alhamdulillahi.

Sasa nasikia nawe umepewa kuendesha mgahawa wa hospitali. Usisimame mlangoni kuwahubiria watu, mwenye njaa hasikii hotuba. Chakula chema kiweke mahali mkono unapofika kwanza, na ukipike kitamu, maana kisicho na ladha watu watakiona adhabu. Waonjeshe kabla ya kuwauzia. Soda usigombane nayo, irudishe nyuma tu. Na jamaa wa mgonjwa waambiwe ukweli, kwani mficha maradhi kifo humuumbua. Watu wetu hawana nia mbaya hata kidogo. Wanapenda, ila hawajaambiwa wapende kwa sahani ipi.

Mungu akibariki chungu chako, akutie ladha mkononi na subira ulimini. Na kila atakayeletwa hapo amebebwa, ale kwako, arudi kwao akitembea. Amin.