Mkungu Niliopeleka Hotelini

Usharikani kwetu, huku kwenye miteremko ya Meru, ibada ikiisha hakuna anayekimbilia nyumbani. Tunatoka uani kwenye mnada. Walioleta sadaka ya ndizi, kuku au maziwa, vitu vyao vinanadiwa pale pale, na kabla watu hawajatawanyika mhasibu anasimama kutangaza kilichopatikana na kinakokwenda. Mzee anayenadi halipwi chochote. Anachoambulia ni utani wa kina mama wanaodai anawapendelea wakwe zake. Mimi nimekua nikijua kuchangisha ni hivyo.

Kwa hiyo shirika lililokuwa likimsomesha mdogo wangu lilipotualika kwenye hafla ya kuchangia, mchana mmoja katika hoteli mjini Arusha, nilikata mkungu mzuri kuliko yote shambani, nikaubeba.

Wazazi wetu walifariki nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikashika kahawa na migomba yao, na wadogo zangu nikawalea kwa ndizi nilizouza sokoni Tengeru. Huyu wa mwisho ndiye pekee aliyefika chuo, anasomea mifugo. Shirika hilo, lenye ofisi Elerai, lilikuja nyumbani, likampiga picha, likaahidi kumlipia ada mpaka amalize.

Mlangoni mwa hoteli tulipokewa na mchangishaji. Hakuwa mfanyakazi wa shirika. Walikuwa wamemkodi, maana hiyo ndiyo kazi yake: leo anachangishia yatima, kesho hospitali. Aliutazama mkungu wangu akacheka.

"Dada, jikoni ni kule nyuma."

Nikamweleza kuwa ni wa mnada. Akafikiri kidogo, akaupokea. Kisha akaniomba nikae meza za nyuma, nisipande jukwaani na mdogo wangu. Nilipouliza kwa nini, akasema kwa upole kwamba maelezo aliyoandaa ni ya binti asiye na mtu. Nikisimama naye, wageni watauliza mimi ni nani.

Nilikaa nyuma. Sikutaka kumharibia ada yake. Jukwaani walikuwa wametundika bango lenye uso wa mdogo wangu, mkubwa kuliko mlango, na maandishi chini yake: Hana wa kumtunza. Zile nywele nilimsuka mimi, asubuhi ya siku ya picha.

Mkungu ukanadiwa. Watu walipandishiana kwa vicheko hadi bei ambayo Tengeru haijawahi kusikika, nami nikaona fahari. Nikasubiri matangazo. Watu wakaanza kuchukua funguo za magari yao. Nikamfuata mchangishaji, nikamuuliza watatangaza saa ngapi, na katika yote yaliyotolewa fungu lake yeye ni lipi. Akasema hayo ni makubaliano yake na ofisi. Nikamuuliza kama waliochangia wanayajua.

"Dada, watu wakijua hawatoi," akasema, akaenda kuagana na wageni.

Muhula uliofuata ada haikulipwa, mdogo wangu akarudi nyumbani. Nikaenda Elerai. Mkurugenzi ni mama mtu mzima. Nilimwamkia shikamoo, akaniagizia chai. Kila nilipokwenda chai ilikuwepo, jibu halikuwepo. Mara gharama za hafla zilikuwa kubwa, mara mchangishaji alikuwa hajafunga hesabu zake, mara hayo ni mambo ya ndani. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Ningetukanwa ningejua pa kushika.

Mwishowe akaniambia wanaandaa hafla nyingine. Binti akipanda tena jukwaani, ada italipwa. Nikapeleka maneno hayo nyumbani. Mdogo wangu alikuwa anakamua ng'ombe, wala hakugeuka.

"Dada, waambie nitapanda. Lakini fungu la yule mtu litangazwe kwanza, na wewe usimame pembeni yangu."

Nikayarudisha Elerai kama alivyoyasema. Mkurugenzi akasema binti amefundishwa kiburi. Siku hiyo chai haikuja.

Ukabaki usharika. Nikaomba mnada kwa ajili ya ada, wazee wakakubali. Lakini bango jingine la shirika, lenye uso ule ule na maneno yale yale, lilikuwa limesimama kando ya barabara pale Kikatiti, na hakuna ambaye hakuwa ameliona. Sokoni jirani yangu mmoja alikuwa amekwisha kunitania, "Nyie si mna wafadhili? Mtukumbuke na sisi." Jumapili mzee akaunadi mkungu wangu mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyepandisha.

Nikamwomba nafasi. Nikafanya kile ambacho mhasibu hufanya kila wiki: nikatangaza. Kilichotufikia ni ada ya muhula mmoja na begi la shule. Kilichochangwa kwa uso wa mdogo wangu sikijui. Nimeuliza, sijajibiwa.

Aliyeanza kusema ni yule jirani wa sokoni.

"Kumbe! Sisi tulidhani mmejengewa." Akafungua kipochi chake. "Haya mzee, nadi. Na safari hii usimpe mkweo."

Mdogo wangu yuko chuoni sasa. Muhula ujao sijui. Bango bado lipo Kikatiti, limepauka kwa jua, na bado linasema hana wa kumtunza. Jumatatu nakwenda tena Elerai. Chai yao wabaki nayo. Nataka mtu mmoja asimame atangaze mkungu wangu ulikwenda wapi.